Mikondo ya Manukuu na Filamu Inayokwama Darasani

Filamu ya elimu ikikwama katikati ya somo, aghalabu lawama huelekezwa kwenye mashine. Kompyuta husemwa imezeeka, flashi husemwa ni bandia, na pengine umeme nao hutiwa hatiani. Ni nadra mtu kuyafikiria manukuu, yaani yale maandishi madogo yapitayo chini ya picha kufasiri au kurudia yasemwayo. Na siku mtu anapong'amua kwamba faili ile moja imebeba mikondo 30 au 40 ya manukuu, kuanzia Kiarabu mpaka Kivietinamu, dawa inayotolewa huwa moja tu: yafutwe yote. Dawa hiyo huponya kweli. Lakini huponya kwa kuukata mguu badala ya kuutoa mwiba, na katika shule za Afrika Mashariki anayebaki kuchechemea ni yule mwanafunzi aliyeyahitaji maandishi hayo kuliko wenzake wote.

Yafaa ikumbukwe kwamba watoto walio wengi katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania husomeshwa kwa Kiswahili, kisha wakiingia kidato cha kwanza fizikia, kemia na biolojia huwajia kwa Kiingereza. Filamu inayoeleza mzunguko wa damu kwa sauti ya Kiingereza cha haraka huwapita kama upepo. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha huwarudishia maana. Maandishi ya Kiingereza huwawezesha kuliona neno waliloshindwa kulisikia. Kwa mwanafunzi asiyesikia kabisa, manukuu si msaada wa ziada bali ndiyo filamu yenyewe. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuyapunguza pasipo kuyaua si swali la mafundi peke yao.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba manukuu ya herufi hayana uzito wa kutajika. Hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya mwenyewe. Na ichukuliwe filamu ya dakika 90 iliyosimbwa kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Dakika 90 ni sekunde 5,400. Kila sekunde hubeba megabiti 2, ambazo ni sawa na kilobaiti 250. Basi filamu nzima ni kama megabaiti 1,350. Manukuu ya filamu hiyo kwa lugha moja, yakiwa herufi tupu pamoja na nyakati za kuonekana kwake, yakadiriwe kuwa kilobaiti 60. Lugha 30 zitafanya kilobaiti 1,800, kiasi ambacho picha hukimaliza kwa sekunde 7 na kidogo. Basi lililoshindwa kupanda mlima halikushindwa kwa uzito wa tiketi za abiria.

Chanzo hakina budi kutafutwa kwingine, na kwingine huko ni katika namna faili inavyofungashwa. Video inayohifadhiwa kwenye kompyuta ni kasha lenye vitu kadhaa ndani yake: picha, sauti, manukuu, na pengine hata maumbo ya herufi. Makasha yanayojulikana zaidi ni MP4 na Matroska. Hili la pili, ambalo majina ya faili zake huishia na herufi mkv, lilianzishwa mwaka 2002 na jina lake limetokana na wale wanasesere wa Kirusi wanaoingizwa mmoja ndani ya mwingine. Ndani ya kasha, kila mkondo hukatwa vipande vidogo, na vipande vya mikondo yote hupangwa kwa kufuata wakati, mithili ya shanga za rangi mbalimbali zilizotungwa katika uzi mmoja, ili vile vitakavyohitajiwa pamoja viwe karibu karibu. Picha hutoa vipande 24 au 25 kila sekunde. Sauti nayo haikomi. Manukuu ni mageni wa nadra: mstari mmoja kwa sekunde kadhaa, na katika mikondo inayofasiri mabango na vibao tu, pengine mstari wa kwanza hutokea baada ya nusu saa.

Huo unadra wao ndio mzizi wa taabu. Programu inapofungua faili husoma kwanza orodha ya mikondo iliyomo. Lakini programu nyingi haziridhiki na orodha. Hupenda kuona kipande halisi cha kila mkondo kabla ya kuanza, hasa pale ambapo orodha haikutaja ukubwa wa picha za manukuu. Hapo programu hufanana na dereva anayekataa kuondoka kituoni mpaka amwone kwa macho abiria wa kila kijiji kilichoandikwa katika orodha yake, hata kama kijiji hicho kwa kawaida hutoa abiria mmoja kwa mwezi. Abiria watatu hawamchelewesha sana. Vijiji 40 humfanya aondoke adhuhuri.

Waliotengeneza programu hizi waliliona tatizo na kuweka ukomo. FFmpeg, mkusanyo wa programu ulioanzishwa mwaka 2000 na ambao umefichika ndani ya programu nyingi za video zitumikazo leo, kwa kawaida huchungulia baiti zipatazo milioni 5 za mwanzo, kisha hukata shauri. Isipokiona kipande cha mkondo fulani hutoa onyo, na ndani ya onyo hilo hushauri ukomo uongezwe. Mtumiaji mtiifu huongeza, mara kumi, mara mia, na onyo hutoweka. Kisha hushangaa kuona faili yake inachukua muda mrefu zaidi kufunguka kuliko mwanzo, kwa maana sasa amemwamuru dereva angoje zaidi. Onyo lile, kwa mikondo ambayo hakuna atakayeisoma, lingeweza kupuuzwa bila hasara yoyote.

Taabu ya pili hujitokeza mwalimu anapotaka kurukia sehemu fulani ya filamu. Ili kuruka, programu hutumia faharasa iliyomo ndani ya kasha, kama msomaji anavyotumia faharasa ya kitabu. Faharasa ya kutosha huonyesha mahali zilipo picha kamili ambazo uchezaji waweza kuanzia. Kama kuna picha moja ya namna hiyo kila sekunde 5, filamu ya dakika 90 yahitaji maingizo 1,080. Lakini baadhi ya programu za kufungasha huingiza pia kila mstari wa manukuu. Mikondo 30 yenye mistari 1,200 kila mmoja huzaa maingizo 36,000, na aghalabu faharasa yote huwekwa mwishoni mwa faili. Kompyuta mpya husoma yote hayo kwa kupepesa jicho. Televisheni ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo, iliyochomekwa flashi ya kasi ndogo, huganda.

Katika kasha la MP4 mambo huharibika kwa njia nyingine. Humo kila mkondo una jedwali lake la nyakati na mahali. Aliyeongeza manukuu baada ya filamu kwisha kutengenezwa, akayarundika yote mwishoni mwa faili, amemlazimisha msomaji wa diski kukimbia kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, kila mstari mpya unapotakiwa. Faili ikiwa inasomwa kupitia mtandao, safari hizo huweza kuwa maombi mapya kwa seva, na kila ombi lina kungoja kwake.

Hayo yote yahusu manukuu ya herufi. Kuna aina nyingine ambayo kwayo ile hesabu ya tiketi za abiria haifai kabisa, nayo ni manukuu ya picha. Katika diski za DVD na Blu-ray manukuu hayakuhifadhiwa kama herufi bali kama picha ndogo za herufi. Wabunifu wa DVD, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, walijua hatari iliyopo na wakaweka mipaka: mikondo 8 ya sauti, mikondo 32 ya manukuu, na mtiririko wote kwa jumla usizidi megabiti 10.08 kwa sekunde. Kila mtengenezaji wa mashine alijua tangu mwanzo mzigo mkubwa kabisa ambao ungemfika. Matroska haikuweka mpaka wa namna hiyo. Uhuru huo ni sifa njema ya kasha hilo, lakini umemwachia mfungashaji wa nyumbani kazi ya kupima ambayo zamani ilifanywa na mhandisi, na mfungashaji wa nyumbani hapimi. Hutia kila alichokipata.

Picha ya manukuu ya Blu-ray huweza kufikia upana wa nukta 1,920 na urefu wa nukta 1,080, yenye rangi zisizozidi 256. Ikifunguliwa, kila nukta huchukua baiti moja, hivyo picha iliyojaa ni kama megabaiti 2. Ndani ya faili hubanwa na kuwa ndogo sana, lakini mkondo wa filamu nzima huweza kufikia makumi ya megabaiti. Mikondo 30 ya megabaiti 30 ni megabaiti 900, theluthi mbili ya filamu ile iliyotajwa mwanzoni, na vipande vyote hivyo hupita mbele ya msomaji wa faili hata kama lugha iliyochaguliwa ni moja. Programu nzuri haifungui picha za lugha ambazo hazikuchaguliwa. Hata hivyo haina budi kuvisoma vipande vyake ili ivitupe, na kusoma ili kutupa nako ni kazi.

Hali huwa mbaya zaidi shuleni ambako kompyuta moja hutumika kama seva ya vishikwambi vya darasa zima. Kishikwambi kisichojua manukuu ya picha huiomba seva iyachome juu ya filamu. Seva hulazimika kuisimbua filamu, kubandika maandishi, na kuisimba upya papo hapo, wakati ule ule inapotazamwa. Bila manukuu, seva ile ile ingepeleka faili kama ilivyo na kubaki imepoa. Wanafunzi watatu wakichagua manukuu kwa wakati mmoja, kila kishikwambi kikiomba wakati wake, darasa lote hukwama, na hakuna mtu atakayefikiri kwamba mkosaji ni maandishi. Kuhusu maumbo ya herufi yaliyofungashwa ndani ya faili, ambayo manukuu yenye mapambo huyadai, inatosha kusema kwamba programu huyapakia yote wakati wa kufungua, na maumbo ya Kichina au Kijapani peke yake huweza kuwa megabaiti kadhaa.

Kabla ya kukata chochote yafaa kupima, na hapa mwalimu wa sayansi amepata jaribio lisilo na gharama. Ziandaliwe nakala mbili za filamu moja, ya kwanza ikiwa na mikondo yote na ya pili ikiwa na miwili tu. Wanafunzi wapime kwa saa muda wa kila nakala kufunguka, na muda wa kuruka kutoka dakika ya 2 hadi dakika ya 60, mara tatu kwa kila nakala. Kuna mtego mmoja: kompyuta huhifadhi kwa muda katika kumbukumbu yake sehemu za faili iliyotoka kusomwa, hivyo mara ya pili huwa nyepesi kuliko ya kwanza bila sababu nyingine. Asiyeizima na kuiwasha mashine kati ya vipimo atapata matokeo ya kupendeza yasiyo na maana. Na kama nakala ya mikondo miwili nayo inakatikakatika tangu mwanzo hadi mwisho, manukuu hayana hatia. Yaelekea picha imesimbwa kwa mtindo mpya, kama ule wa HEVC uliotolewa mwaka 2013, ambao kompyuta kongwe haikuzaliwa nao. Dalili za manukuu ni kuchelewa kufunguka, kuganda wakati wa kuruka, au kushtuka kwa picha kila mstari mpya unapotokea.

Ikishathibitika kwamba kosa ni la mikondo, watu wengi huingia katika kosa jingine la gharama kubwa. Hukimbilia programu ya kugeuza video, na programu hiyo huisimba filamu upya kuanzia mwanzo. Kazi huchukua saa nzima au zaidi katika kompyuta ya shule, na picha hutoka imefifia, kwa kuwa kila usimbaji wa namna hii hupoteza kitu. Yote hayo ni ya bure. Mikondo ya manukuu haikuunganishwa na picha. Imewekwa kando yake katika kasha lile lile. Kinachohitajika ni kuhamisha vitu vinavyotakiwa kutoka kasha moja kwenda jingine, pasipo kuvigusa vyenyewe. Programu huria ya MKVToolNix huonyesha mikondo yote katika orodha, na mtumiaji huondoa alama kwenye ile asiyoitaka, kisha huandika faili mpya. Muda wake ni ule wa kunakili faili, dakika chache, na picha hubaki ile ile mpaka nukta ya mwisho.

Wapo wanaosema kwamba manukuu yasikae ndani ya kasha hata kidogo, bali yawe faili pembeni yenye jina lilelile: filamu ikiitwa mzunguko-wa-damu.mp4, maandishi yaitwe mzunguko-wa-damu.sw.srt. Programu nyingi, VLC ikiwa mojawapo, huyatambua zenyewe. Hoja yao ina nguvu, na mitambo mikubwa ya kurusha video kwenye intaneti hufuata kanuni hiyo hiyo: katika utaratibu wa HLS, uliotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2009, kila lugha ya manukuu hukaa katika orodha yake yenyewe, na kifaa cha mtazamaji huchukua lugha iliyochaguliwa tu. Lugha 50 haziwezi kumchelewesha mtu asiyeziomba. Zaidi ya hayo, faili ya pembeni mwalimu aweza kuifungua kama barua na kusahihisha tafsiri mbovu, ilimradi aihifadhi kwa mtindo wa UTF-8, la sivyo ile alama ya juu katika neno ng'ombe huweza kugeuka vikorokoro.

Lakini hoja hiyo husahau jinsi filamu zinavyosafiri katika shule. Husafiri kwa flashi, kutoka mkono hadi mkono, na anayenakili huchukua faili kubwa na kuiacha ndogo. Baada ya mikono mitatu, filamu imebaki bubu kwa asiyejua Kiingereza. Kwa sababu hiyo nakala ya darasani yafaa ibebe ndani yake manukuu machache ya herufi, Kiswahili na Kiingereza, na kama filamu ina manukuu yaliyotengenezwa kwa ajili ya viziwi, yenye kutaja pia milio na msemaji, hayo nayo. Mikondo mitatu haimchelewesha dereva yeyote. Nakala asili yenye lugha zote 30 na ihifadhiwe kwenye diski ya maktaba, isiguswe. Mwalimu wa Kifaransa au wa Kiarabu ataihitaji siku moja.

Linabaki jambo la lebo, ambalo ndilo linaloiponza lugha ya Kiswahili kuliko lugha kubwa. Kila mkondo katika Matroska huwa na mahali pa kuandika lugha yake. Pasipoandikwa kitu, kanuni za kasha hilo husema mkondo uhesabiwe kuwa ni wa Kiingereza. Hali hiyo haikubadilishwa hata kanuni hizo zilipotolewa rasmi mwaka 2024. Mfasiri wa Morogoro au Mombasa aliyetumia juma zima kuandika manukuu ya Kiswahili, kisha akayafungasha bila lebo, kazi yake huonekana katika orodha kama Kiingereza cha pili. Anayekuja kupunguza mikondo huona Kiingereza mara mbili, huacha kimoja, na kufuta kingine. Hakuna aliyekusudia kuifuta lugha ya darasa zima. Imefutwa na nafasi iliyoachwa tupu. Kanuni hizo hizo husema pia kwamba mkondo usiotajwa vinginevyo ni wa kuanza nao, hivyo faili yenye mikondo 30 isiyoshughulikiwa ina mikondo 30 inayodai kutangulia, na programu huchagua kwa akili yake.

Tiba yake haihitaji hata kuandika faili upya. Katika MKVToolNix kimo chombo kidogo kiitwacho mkvpropedit, ambacho hubadili lebo mwanzoni mwa faili na kuiacha filamu yote ilipo. Faili ya gigabaiti 2 humalizika kwa sekunde chache. Alama ya Kiswahili katika orodha ya kimataifa ya herufi tatu ni swa, na katika ile ya herufi mbili ni sw. Mkondo mmoja tu upewe alama ya kutangulia, na iliyosalia inyimwe. Kwa shule zinazobadilishana filamu kuvuka mipaka ipo hatua moja zaidi, kwani orodha ya ISO 639-3 hutenganisha swh, Kiswahili cha pwani, na swc, Kiswahili cha Kongo, na lebo mpya za Matroska hukubali tofauti hiyo. Manukuu yaliyoandikwa Bukavu na yale yaliyoandikwa Tanga huweza basi kukaa katika kasha moja, kila moja kwa jina lake, na anayepunguza mikondo akajua anachokishika.